Nina shahada ya kemia, lakini kiwandani nafunga katoni za biskuti

Shikamoo Mama,

Mimi ni binti wa miaka 26, mzaliwa wa Tabora, na kwa sasa ninaishi Mbagala kwa shangazi yangu. Nilihitimu shahada ya kwanza ya sayansi katika kemia mwaka 2023, nikapata daraja la pili la juu, na masomo yangu mengi ya mwaka wa mwisho yalihusu kemia ya viwanda: mafuta na sabuni, saruji, rangi, pamoja na usafishaji wa maji. Nilipoingia chuoni kila mtu alikuwa akizungumzia Tanzania ya viwanda, na nyumbani wazee walifurahi wakiamini kwamba mtoto aliyesoma kemia hawezi kukosa pa kushika.

Tangu nihitimu nimeomba kazi zaidi ya sabini. Serikalini nimeitwa kwenye usaili wa mchujo mara tatu, na mara zote sikufika kwenye usaili wa ana kwa ana. Kwa upande wa kampuni binafsi nimezunguka na bahasha Barabara ya Nyerere, Chang'ombe, Vingunguti hadi Mkuranga. Kwenye geti moja mlinzi alinihurumia akanionyesha boksi la karatasi za printa lililokuwa chini ya meza yake, limejaa bahasha za khaki ambazo hazijafunguliwa, akaniambia, "Dada, yako nitaiweka juu." Matangazo nayo karibu yote yanadai uzoefu wa miaka mitatu, nami sijui huo uzoefu nitaupata wapi ikiwa hakuna anayenipokea bila uzoefu.

Kwa miezi mitano sasa nafanya kibarua katika kiwanda cha biskuti, ninafunga katoni na kulipwa kwa siku. Maabara yao ina dirisha la kioo upande wa ghala letu, na ninamwona dada mmoja mwenye koti jeupe akipima vitu kwenye mizani. Sijamwambia mtu yeyote pale kwamba nina shahada ya kemia. Naona aibu.

Sasa nina mambo mawili mbele yangu. Baba yangu mdogo yuko tayari kunilipia stashahada ya uzamili ya elimu ili nikafundishe sekondari, na anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Wakati huohuo rafiki yangu tuliyesoma naye yuko Katoro, mkoani Geita, kwenye mtambo wa kuchenjua marudio ya dhahabu (mchanga unaobaki baada ya dhahabu ya kwanza kutolewa) kwa sayanaidi, na bosi wake anatafuta mkemia mwingine. Malipo ni laki tano kwa mwezi, pamoja na chumba na chakula. Shangazi hataki hata kusikia, anasema sayanaidi ni sumu na machimboni si mahali pa binti.

CV yangu ina kurasa tatu na nimeibadilisha mara nyingi. Utafiti wangu wa mwaka wa tatu ulikuwa wa kupima floridi katika maji ya visima vya Arumeru na kujaribu kuipunguza kwa mkaa wa mifupa, lakini hiyo ilikuwa kazi ya shule tu, sidhani kama kiwanda kina haja nayo. Je, nilikosea kusoma kemia? Nishike lipi?

Msomaji wako, Mbagala

Marahaba, mwanangu.

Hukukosea kusoma kemia, na nasema hivyo bila kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimesimama kwenye sentensi ileile, ile ya floridi, ambayo umeiandika mwishoni kana kwamba unaomba radhi kwa kuitaja. Nitaanzia hapo kwa sababu ndipo palipo na jibu la sehemu kubwa ya swali lako.

Nimefanya kazi katika maabara za viwanda kwa miaka 27, kwanza kwenye mafuta ya kula na baadaye kwenye vinywaji, na katika miaka 11 ya mwisho mimi ndiye niliyekuwa nachagua nani aajiriwe. Mwenye kiwanda humlipa mkemia ili ampe tarakimu anayoweza kuiamini, hata saa nane za usiku, kwa maana kwa tarakimu hiyo ataruhusu tani 20 za mafuta ziende kwenye chupa au atazizuia. Shahada humwambia kwamba ulifundishwa. Haimwambii kama tarakimu yako inaaminika, na barua za maombi karibu zote nilizosoma katika miaka hiyo zilinyamaza juu ya jambo hilo moja.

Siku moja tulikuwa na vijana wawili kwenye usaili wa nafasi moja. Niliweka mezani chupa ya myeyusho wa sodiamu haidroksaidi na sampuli ya mafuta ya alizeti, nikawaomba wanipimie asidi huru, inayoonyesha mafuta yameharibika kiasi gani. Wa kwanza, aliyekuwa na daraja la kwanza, alisoma kiwango kilichoandikwa kwenye lebo ya chupa, akajaza bureti na kuanza titresheni mara moja, yaani kudondosha myeyusho ule kidogo kidogo kwenye sampuli hadi rangi ibadilike, na mkono wake ulikuwa mwepesi kweli. Wa pili aliitazama lebo, akauliza, "Mama, hii ilitengenezwa lini?" Nikamwambia sikumbuki. Akaomba haidrojeni thaleti ya potasiamu ili ahakiki nguvu ya myeyusho kwanza, kwa kuwa sodiamu haidroksaidi hunyonya unyevu na kaboni dayoksaidi ya hewani, na lebo ya mwezi uliopita haiwezi kuisemea chupa ya leo. Alichelewa kumaliza kwa karibu dakika arobaini. Tulimchukua yeye, na alipoondoka miaka sita baadaye alikuwa msimamizi wa zamu.

Sasa rudi Arumeru. Maji ya visima vingi vinavyouzunguka Mlima Meru yana floridi inayopita mara kadhaa kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na wenyeji wanabeba alama yake kwenye meno ya kahawia. Mkaa wa mifupa umefanyiwa kazi kwa miaka mingi pale Ngurdoto kwa sababu hiyohiyo. Wewe ulichota maji yale, ukayapima, ukayasafisha, ukayapima tena, halafu kazi yote hiyo ukaiita ya shule. Yeyote anayeendesha mtambo wa maji, kiwanda cha vinywaji au maabara ya mazingira angetaka kujua mambo ambayo hukuyaandika: ulitumia elektrodi ya floridi au njia nyingine? Ulitengeneza miyeyusho mingapi ya kulinganishia? Kila sampuli uliipima mara ngapi, na majibu yalitofautiana kiasi gani? Ulikuwa na sampuli tupu, isiyo na floridi? Mkaa ulichoka baada ya lita ngapi? Ukiyajibu hayo kwa sentensi nne zenye tarakimu zako mwenyewe, ukayaweka juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, CV yako itakuwa imesema jambo ambalo zile bahasha zilizo ndani ya boksi hazilisemi. Kurasa mbili zinatosha. Ondoa orodha ya masomo uliyosoma, pamoja na ule mstari unaosema kwamba unaweza kufanya kazi chini ya shinikizo.

Ni kweli kwamba nafasi zenye jina la mkemia ni chache. Viwanda vyetu vingi huchanganya na kufungasha, huku malighafi na kanuni za kuchanganyia zikitoka nje, na hivyo maabara nzima inaweza kuwa na watu wanne wanaopokezana zamu, ambao wakishaingia hukaa muda mrefu. Lakini kazi ya kemia ipo chini ya majina mengine. Kwenye saruji na sukari utaikuta kwa jina la mchambuzi wa zamu. Kwenye chakula inaitwa udhibiti wa ubora, na tangu Julai 2019, usimamizi wa usalama wa chakula na vipodozi ulipohamia Shirika la Viwango Tanzania, kampuni ya chakula au vipodozi isiyo na mtu wa kusimamia vipimo vyake hupata shida mara kwa mara. Ipo kwenye mamlaka za maji, ipo kwenye ngozi na rangi za nguo, na ipo kwa waagizaji wa kemikali wanaohitaji mtu wa mauzo anayeweza kumweleza mteja tofauti ya bidhaa mbili bila kubabaisha. Ukitafuta neno "mkemia" peke yake, hizo zote zitakupita.

Liko pia jambo la sheria ambalo vijana wengi hawalitumii. Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003 inamtaka anayeshughulika na kemikali asajiliwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na mfanyabiashara huyo huhitaji mtu mwenye elimu ya kemia wa kusimamia kemikali zake. Sheria ya Wanataaluma wa Kemia ya mwaka 2016 nayo iliweka baraza la kuwasajili wakemia. Fuatilia usajili huo sasa, hata kabla hujapata kazi, kisha unapoandika kwa mwenye ghala la kemikali au kiwanda cha rangi mweleze kwamba umesajiliwa na unaweza kumsimamia kemikali zake kwa mujibu wa sheria. Hapo utakuwa unajaza nafasi ambayo yeye mwenyewe ana sababu ya kuijaza.

Nimesikitika kidogo kwamba miezi mitano umekaa upande wa pili wa kioo ukinyamaza. Naielewa aibu yako, maana nami nilianza kwa kuosha vyombo vya maabara kwa mwaka mzima. Lakini hebu fikiri: wenzako wanaacha bahasha getini, wewe uko ndani ya geti, unajua zamu zinabadilika saa ngapi, unajua ni katoni zipi zilirudishwa na kwa nini. Usiende kwa afisa rasilimali watu. Msubiri yule dada mwenye koti jeupe zamu yake inapoisha, umwamkie, umwambie umesoma kemia na unaomba umsaidie nusu saa kila siku baada ya kazi yako, kwa ruhusa ya msimamizi wake. Biskuti haina siri nyingi: kuna unyevu, unaopimwa kwa kukausha sampuli iliyosagwa kwenye oveni na kuipima tena, kuna asidi huru ya mafuta yaliyotumika, ambayo ni titresheni unayoijua, kuna uzito wa pakiti, ambao nadhani unaujua kuliko yeye. Nenda na daftari lenye kurasa zilizopigwa namba. Andika tarehe, sampuli, mizani iliyotumika na majibu. Ukikosea kata kwa mstari mmoja usiofuta kilicho chini yake, kisha weka sahihi. Tarakimu ni mali ya kiwanda na hutazitoa nje, lakini barua fupi kutoka kwa msimamizi wa maabara inayosema ulifanya vipimo vipi na kwa muda gani itakuwa ndiyo mwanzo wa ule uzoefu unaodaiwa. Wakikukatalia utakuwa umepoteza dakika kumi.

Kuhusu ualimu nitasema machache. Nchi inahitaji walimu wa kemia, na mwalimu mzuri wa kemia ndiye aliyetuleta wewe na mimi hapa tulipo. Ila katika barua yako yote hukuandika hata neno moja kuhusu wanafunzi. Unataka kwenda darasani kwa kuwa mlango ule uko wazi, na nisingependa watoto wapate mwalimu ambaye macho yake yako kwenye dirisha la maabara. Mshukuru baba yako mdogo kwa heshima zote, mweleze mpango ulio nao, na umwombe akupe mwaka mmoja, kwani stashahada hiyo bado itakuwepo. Ukihisi moyoni kwamba ungeipenda kazi ya kufundisha, basi nimekosea, na uende bila kusita.

Katoro ndipo panaponipa mawazo zaidi. Shangazi yako hajakosea kuogopa, lakini nafasi ile pia si ya kuitupa bila kuiangalia. Kanda ya ziwa, wachimbaji wadogo husaga mawe kwenye makarasha, yaani mashine za kusagia, na kukamata dhahabu kwenye mialo, mifereji ya kuoshea mchanga, na mchanga unaobaki, ambao ndio hayo marudio, bado una dhahabu ambayo sayanaidi huiyeyusha na kaboni huinasa. Kazi yote hiyo ni kemia tupu. Mkemia hupima nguvu ya sayanaidi kwa titresheni ya nitrati ya fedha, hufuatilia pH, yaani kipimo cha uasidi au ualkali wa maji, mchana na usiku, huamua chokaa kiasi gani kiongezwe, na hukadiria dhahabu iliyonaswa. Ukifanya hayo kwa mwaka mmoja kwa uangalifu, huku ukiandika kila kitu, utatoka na uzoefu ambao mitambo mikubwa ya uchenjuaji inauelewa na kuuthamini.

Lakini jambo linaloamua kama utarudi salama ni pH. Sayanaidi ikiwa kwenye maji yenye chokaa cha kutosha, pH ikiwa 10.5 au zaidi, hubaki ndani ya myeyusho. pH ikishuka hadi kama 9.2, karibu nusu yake inakuwa imegeuka haidrojeni sayanaidi, ambayo hutoka kama gesi na inaua, na si watu wote wanaoweza kuinusa. Kwa hiyo mpigie rafiki yako Jumapili, mkiwa na nafasi ya kuzungumza bila bosi kuwa karibu, umuulize wana kipima pH cha namna gani, kinahakikiwa kwa miyeyusho ya bafa, ambayo pH yake inajulikana, kila baada ya muda gani, na leo asubuhi kilisoma ngapi. Akijibu kwa tarakimu, endelea na mazungumzo. Akikwambia kwamba huwa wanaangalia kwa macho kama chokaa imetosha, hapo usiende hata wakikupa milioni moja.

Muulize vilevile kama mtambo una kibali cha kutumia sayanaidi, inatunzwa wapi na nani ana ufunguo, maji yaliyotumika yanakwenda wapi, na kama chumba unachoahidiwa kiko mbali na matenki. Uliza kama mtu hufanya zamu ya usiku akiwa peke yake, kwa maana kwenye sayanaidi hilo halikubaliki, na kama kuna kituo cha afya karibu kinachojua la kufanya mtu akivuta gesi ile. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa kinga, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa haki ya kupata masharti ya kazi kwa maandishi, kwa hiyo dai karatasi kabla ya kuanza. Hakikisha pia mwajiri huyo amejisajili kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, kwa sababu laki tano haitamlea mtu aliyeumia. Na kwa kuwa wewe ni binti unayekwenda ugenini, kufuli la chumba na njia ya kutoka kazini usiku ni sehemu ya masharti ya ajira, na usione haya kuyataja.

Majibu yakiwa mazuri, ningekwenda. Nisingemficha shangazi; ningeketi naye, nimweleze habari ya chokaa na pH kama nilivyokueleza wewe, maana mtu mzima akielewa hatari inazuiwa vipi huogopa kwa kiasi. Majibu yakiwa mabaya, baki Mbagala, uendelee na maabara ya biskuti na usajili wako. Kuna pia kazi ndogo ya kukusogeza wakati huo: akina mama wengi wanaotengeneza sabuni, siagi ya karanga na viungo wanaitaka alama ya ubora ya Shirika la Viwango. Wajasiriamali wadogo hupata unafuu wa gharama wakienda na barua ya utambulisho ya SIDO, shirika la serikali la kuendeleza viwanda vidogo, lakini wengi wanakwama kwa sababu hawana kumbukumbu za uzalishaji na sabuni ya leo hailingani na ya jana. Anayejua kukokotoa kiasi cha sodiamu haidroksaidi kwa kila kilo ya mawese, na kukiandika kwenye daftari, anaweza kuwasaidia na kulipwa kwa haki. Sikushauri uanzishe kiwanda chako mwenyewe sasa hivi, kama wengi wanavyopenda kuwaambia wahitimu, kwa sababu mtaji huna na soko hujalijua.

Rafiki yako akishakujibu, niandikie tena kabla hujakata tiketi. Na katika barua hiyo uniambie floridi ya maji yale ya Arumeru ilianzia ngapi na ikaishia ngapi, maana hilo hukuniandikia.

Mama Mshauri